Kumi na Saba, Ishirini na Saba

Kampala, 9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Naandika mbiombio. Koplo Obonyo amesimama mlangoni na begi lake, likizo yake imekwisha, anasema gari la Entebbe linaondoka sasa hivi na hataki hata chai. Amekubali kukuletea barua hii mkononi, maana najua huko mbele mliko simu zenu zote zimekusanywa.

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Nimepata kumi na saba.

Mama aliambiwa akiwa sokoni Nakawa. Alifunga meza yake ya dagaa wa mukene saa sita mchana, akakaa juu ya gunia akalia. Wanawake wa sokoni wakaja kukaa naye, mama Shamirah akamfunika leso mabegani. Mpaka leo watu wanaingia na kutoka hapa nyumbani. Kila nikiishika ile karatasi naona kama ni ya mtu mwingine.

Fomu za chuo kikuu zinafungwa tarehe thelathini Aprili. Nataka kuomba uhandisi wa ujenzi, lakini nilikuahidi kwamba sitapiga hatua hiyo kabla hujanipa neno lako. Nipe basi. Niombe?

Obonyo anagonga mlango ambao uko wazi.

Binti yako,
Adong

---

Somalia, 28 Machi 2025

Adong binti yangu,

Mimi mzima, buti zima, meno yote yapo. Jibu linatangulia, kama tulivyozoea jeshini: usiombe. Mwezi wa sita polisi wanaandikisha vijana, na nimeshamtumia salamu mtu ninayemfahamu huko. Sasa maelezo.

Barua yako niliisoma juu ya daraja tunalolijenga, spana ikiwa bado mkononi. Nikashuka, nikaenda kukaa nyuma ya lori peke yangu. Kumi na saba. Nilikumbuka darasa la saba ulipopata sita, nilivyozunguka kambi nzima nikiwaonyesha watu vidole sita. Kidato cha nne ukapata kumi na nne, nikasema ni kawaida, masomo yameongezeka. Leo kumi na saba. Kila nikipanda ndege kuja huku, wewe unashuka ngazi moja. Sikulaumu hata kidogo. Najilaumu mimi. Mama yako mwambie afungue meza yake na aache kulia, hakuna aliyekufa.

Uhandisi ni wa watoto wanaopata nne na tano. Sitaki upeleke fomu halafu wakucheke.

Lakini sitaki pia ujione mjinga, kwa hiyo nakupa siri yangu. Nyumbani mnajua kwamba darasa la saba nilipata tisa. Mama yako nilimwambia tisa, na wewe tisa, na kila mtu hapa kikosini tisa. Nilidanganya. Nilipata ishirini na saba. Karatasi yenyewe iko ndani ya bahasha hii. Tangu mwaka 1994 natembea nayo nyuma ya kitambulisho changu, na tangu baba yangu alipoiona, wewe ndiye mtu wa kwanza kuonyeshwa.

Siku nilipoileta nyumbani, baba yangu aliitazama, akairudisha mkononi mwangu, akaenda shambani. Hakunipiga, hakunitukana, na hakuongea nami hadi mvua zikaanza. Kimya kile kiliniuma kuliko fimbo. Mimi sitakupa kimya. Kumi na saba yako naipokea kwa mikono miwili. Umenishinda kwa kumi kamili.

Ndimi baba yako,
Sajenti Otema

---

Kampala, 17 Aprili 2025

Baba,

Nimesoma mistari mitatu ya kwanza ya barua yako. Nilipofika kwenye "usiombe" na habari za polisi nikaikunja, iliyobaki sijaisoma na sidhani kama nitaisoma.

Shule nzima walionipita ni wavulana wawili tu. Mwalimu Dawudi wa hisabati alinipa mkono mbele ya watu wote, na yeye si mtu wa kupeana mikono. Nilidhani utafurahi, hata kidogo. Nilikuwa nimeshasikia moyoni namna utakavyosema "Adong wangu" kwa sauti ile unayotumia ukiwa na wenzako.

Lakini wewe ni baba, na neno lako nililiomba mwenyewe. Fomu iko juu ya kabati. Sijaijaza. Zimebaki siku kumi na tatu, na mimi sitaigusa. Ila polisi siendi. Nitakaa sokoni na mama niuze mukene, kwani samaki hawaulizi mtu amepata ngapi.

Adong

---

Kampala, 19 Aprili 2025

Baba Adong,

Wewe mtu! Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikacheka mpaka jirani akaja, mara ya tatu nikatafuta kitu cha kukutupia na wewe uko mbali.

Sikiliza mimi Nafuna nikueleze polepole. Alama za kidato cha sita hazihesabiwi kama zile za darasa la saba. Huko chini mwenye namba ndogo ndiye bingwa, na nne ndiyo bora kuliko zote. Kidato cha nne ilikuwa hivyohivyo, ila masomo yalikuwa manane, kwa hiyo kumi na nne yake ilikuwa ya kujivunia, hukuielewa tu. Kidato cha sita wanageuza. Kule namba kubwa ndiyo nzuri, na mwisho wake ni ishirini. Mtoto wako amepata kumi na saba katika ishirini! Nililia kwa furaha, Otema. Wanawake wa sokoni walikuja kunipongeza, na ile leso ya mama Shamirah ilikuwa zawadi. Hata wewe unajua mimi nikifurahi nalia, ulinioa ukaniona.

Na unataka kujua kwa nini nililigundua kosa lako mara moja? Kwa sababu hata mimi nilikosea hivyohivyo, ila kinyume. Ulipokuwa kituoni Busia ukaja kuniringia kwa mama yangu kwamba darasa la saba ulipata tisa, kwetu upande wa Kenya mtihani ulikuwa wa alama mia saba. Nilidhani umepata tisa katika mia saba. Nikasema moyoni, huyu kaka kichwani hamna kitu, lakini ana meno mazuri na anaheshimu wazee. Nikakukubali hivyohivyo. Nilikuja kuelewa Adong alipoanza shule, na kwa vile ulikuwa umenuna siku hiyo sikukuambia.

Sasa leo naambiwa haikuwa tisa, ni ishirini na saba. Miaka ishirini na moja ndani ya nyumba moja! Ukirudi tutaongea. Ila kwa hesabu ya kwetu umepanda mara tatu, kwa hiyo usiogope sana.

Adong nilimsomea barua yako yote jana, kwa nguvu, amejifunika shuka usoni. Tulipofika kwenye vidole sita akatoa kichwa. Tulipofika kwa baba yako na lile shamba akalia. Halafu tukashusha fomu kutoka kabatini na akaijaza, uhandisi wa ujenzi namba moja. Nimempa neno lako mimi mwenyewe kwa sababu najua ungelitoa. Barua yake ya hasira nimemwambia tuichane, amekataa. Anasema uisome ikuume kidogo.

Mke wako,
Nafuna

---

Somalia, 8 Mei 2025

Kwa Mhandisi Adong, na kwa mama yake ambaye najua anacheka,

Imeniuma. Naripoti kwamba imeniuma vizuri.

Adong, naomba unisamehe. Sikuombi kama sajenti, nakuomba kama mtu aliyemwambia mtoto wake ashuke wakati mtoto yuko juu ya paa. Nilikuwa na karatasi moja tu maishani, na kila karatasi niliyoiona nikaisoma kwa ile. Adong wangu! Kumi na saba katika ishirini! Nimeitamka hapa mpaka sauti imekauka.

Hujui taabu niliyopata. Kwa wiki tano wenzangu walikuwa wananipa pole. Oola alikuwa ananimegea nyama yake kila Jumapili, anasema "kula Sajenti, watoto ni Mungu tu anajua." Wote waliishia darasa la saba kama mimi, hakuna aliyestuka. Ilibidi nipite hema moja baada ya jingine nikizirudisha pole zao. Nyama ya Oola imeshindikana kurudi.

Mtu ambaye angeniambia mapema ni Luteni Ayoo, mkuu wetu wa ujenzi, lakini sajenti hampelekei luteni mambo ya nyumbani. Ni binti wa miaka ishirini na tisa, amesoma hiyohiyo kozi yako, na kila asubuhi mimi humpigia saluti kabla hajanionyesha boliti ziende wapi. Nilipomsimulia alicheka hadi akakaa juu ya kreti. Kisha akachukua kalamu akanichorea namna chuo kinavyopima, kwamba hisabati na fizikia wanazizidisha mara tatu, kemia mara mbili, yote yanajumlishwa wanaita uzito. Akasema uzito wako uko palepale mlangoni, unaweza kuingia na unaweza kubaki nje. Sasa sote tunasubiri. Kikosi kizima kinaniuliza habari za orodha kuliko habari za mshahara.

Ile karatasi yangu ichome. Nilikupa nikidhani inakusaidia, na sasa haina kazi. Sitaki ilale nyumba moja na yako.

Baba yako anayejua kuhesabu kwenda juu,
Otema

---

Kampala, 22 Julai 2025

Baba,

Orodha ya wanaosomeshwa na serikali imetoka. Jina langu limo. Uhandisi wa ujenzi.

Nimeandika sentensi hiyo halafu nikaweka kalamu chini, kwa sababu kuna jambo jingine na nimemficha mama. Yeye anataka kupika na kuita watu. Nimemkataza, nimemwambia tungoje kwanza usajili wa Agosti.

Unamjua Wandera, wa nyumba ya tatu baada ya yetu hapa kambini, baba yake dereva wa vifaru. Tulisoma darasa moja na tuliomba kozi moja. Yeye uzito wake umeupita wangu kwa nusu pointi. Lakini kila msichana anayeomba vyuo vya serikali huongezewa pointi moja na nusu, ndiyo sheria. Nilipoongezewa nikampita kwa pointi moja. Mstari ulikatwa katikati yetu. Mimi nimeingia, yeye ameachwa nje.

Jana nilikutana naye kwenye bomba. Nilimwambia pole, akaniangalia hivi, akasema, "Wewe walikubeba tu kwa sababu ya sketi. Mimi nilikushinda. Kila mtu anajua." Watu walikuwepo. Na hesabu ni ya kweli, baba. Nilichukua jerikeni zangu nikaondoka na moja haikuwa imejaa.

Tangu jana naiona nafasi hii kama nguo ya kuazima. Najiuliza niende kusajiliwa au niiache, niombe tena mwaka ujao, niingie kwa pointi zangu tupu. Usiniambie tu kwamba unajivuna. Najua unajivuna. Niambie kama ni halali yangu.

Adong

---

Somalia, 5 Agosti 2025

Adong,

Leo sisemi habari za meno. Naenda moja kwa moja.

Unakumbuka likizo yangu ya Januari mwaka juzi, ulipokuwa unaingia kidato cha tano? Siku moja saa moja asubuhi nilikuwa nimekaa nje napiga buti rangi. Nilimwona Wandera kwenye benchi la kwao, kitabu magotini, mama yake amemwekea uji pembeni. Nikakuona wewe unapita na jerikeni mbili. Ukapita tena na mbili. Ukapita mara nne. Ukafua, ukamwogesha mdogo wako, ukabeba karai la mukene kumfuatia mama yako Nakawa, kitabu umekichomeka kwapani. Ulirudi saa tisa, ukawasha sigiri ya mkaa.

Mimi nilikuwa na mikono miwili siku hiyo, Adong. Nilikuwa na siku thelathini za mikono mitupu. Nilikaa napiga buti rangi, nikasema moyoni, nina binti mzuri. Haikunijia kusimama nichukue jerikeni, nikuambie nenda usome. Wala haikunijia kwamba yule kijana anasoma wakati wewe unachota maji, na mwisho mtakaa chumba kimoja mfanye mtihani mmoja.

Na amekupita kwa nusu pointi tu. Mpigie hesabu huyo Wandera, wewe ndiye unayejua hisabati. Asubuhi zote zile, na tofauti ni nusu! Hiyo moja na nusu si sadaka. Ni sehemu ndogo ya ulichonyang'anywa, na mmoja wa walionyang'anya ni mimi, nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Kama kuna mtu wa kuona haya, ni mimi.

Wandera usimchukie. Ana akili na anaumia, nimemwandikia baba yake kwamba ajaribu tena. Lakini usimpe nafasi yako.

Barua yako nilimpelekea Luteni Ayoo, nimeacha kuogopa kumpelekea mambo ya nyumbani. Aliisoma amesimama mbele ya kikosi, kisha akauliza, "Jamani, hata mimi nilipewa hiyo moja na nusu. Sajenti, hili daraja nilibomoe nikairudishe?" Jumamosi malori ishirini na mawili yalikuwa yamepita juu yake. Oola akajibu kwa niaba yetu sote kwamba hapana, Afande.

Nenda ukasajiliwe. Hii siyo ruhusa. Ruhusa nilikosea kuitoa mara ya kwanza na mama yako akaitoa kwa niaba yangu. Hii ni amri. Na mwambie mama yako apike, aite kambi yote, kuanzia nyumba ya tatu.

Najivuna. Ulinikataza, nimeandika hivyohivyo.

Baba

---

Kampala, 19 Agosti 2025

Baba,

Mama alipika siku mbili. Wandera alikuja. Alikula, na alipomaliza akachukua jerikeni mbili zilizokuwa mlangoni akaenda bombani. Sijui kama baba yake alimsomea barua yako. Sikuuliza, naye alizirudisha zote zimejaa.

Leo nimesajiliwa. Nilipanga foleni tangu saa mbili na faili langu kifuani: vyeti vyangu, cheti cha kuzaliwa, picha nne, barua ya kukubaliwa. Nilipofika mbele, karani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaanza kupekua. Karatasi baada ya karatasi, muhuri, tiki, muhuri, tiki. Halafu akasimama. Akainua kitu kimekunjwa mara nne, kimekuwa cha njano, kinataka kukatika kwenye mikunjo.

"Nyabo, dada yangu, na hii? Darasa la saba, 1994? Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Uliniambia niichome, baba. Sikuichoma. Niliiweka humo tangu Mei, na sikusahau kuitoa. Niliiacha makusudi.

"Ni matokeo ya baba yangu," nikamwambia.

"Hatuyahitaji."

"Najua."

Akaikunjua taratibu kwa vidole viwili, akaisoma. Nilimwona anafika kwenye ile ishirini na saba. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu na mtu mmoja alikuwa anaguna. Sikuona haya hata chembe. Nilisimama hivyo unavyosimama wewe ukipigiwa picha.

"Sasa yuko wapi huyu?" akaniuliza.

"Yuko kazini, anajenga daraja. Malori yanapita."

Akaikunja tena palepale ilipozoea kukunjwa. Akairudisha kwenye faili, juu ya yangu, akagonga muhuri wa mwisho akaita anayefuata.

Adong Otema
Uhandisi wa Ujenzi, mwaka wa kwanza